Roboti ya Kuvaa kwa Mkono Uliopooza kwa Kiharusi: Mwongozo wa Kuichagua na Kuitumia

Baada ya kiharusi, mara nyingi mguu hutangulia kurudi na mkono hubaki nyuma. Mtu anatembea tena, pengine kwa mkongojo, huku mkono umejikunja kifuani na vidole vimefumbata. Kazi ya mguu ni kubeba uzito na kusonga mbele. Mkono unatakiwa kufunga vifungo vya shati, kugeuza ufunguo na kushika kikombe bila kukimwaga, na kila moja ya kazi hizo inataka bega, kiwiko, kifundo na vidole vipatane kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 30 watafiti wamekuwa wakiunda mashine za kuufanyisha mkono mazoezi. Miongoni mwa za mwanzo ni MIT-Manus, mashine ya mezani iliyobuniwa na Hermano Igo Krebs na Neville Hogan katika chuo cha MIT, Marekani, kuanzia mwaka 1989. Mgonjwa alishika mpini, na mashine ikamsaidia kuusogeza juu ya meza. Baadaye zikaja mashine zinazovaliwa mkononi zenyewe, na sasa zipo glovu nyepesi ambazo mtu anaweza kuzitumia nyumbani.

Roboti haiponyi mkono. Inachokupa ni marudio mengi ya mwendo ulio sawa, na haichoki kama anavyochoka binadamu anayekushikilia mkono. Anayejifunza ni ubongo, nao hujifunza hasa pale unapojaribu kuusogeza mkono wewe mwenyewe. Ukikaa ukaiacha glovu ifungue na kufumba vidole huku unatazama televisheni, viungo vitanyooka kidogo, lakini ubongo hautakuwa umejifunza mengi.

Matokeo ya tafiti yanasomeka vizuri kwa jicho hilo. Mwaka 2019 Uingereza ilichapisha jaribio la RATULS, lililohusisha watu 770. Baadhi yao walifanya mazoezi na MIT-Manus dakika 45 kila kipindi, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 12. Uwezo wao wa kutumia mkono haukuwapita waliopata huduma ya kawaida. Uswisi nako, mwaka 2014, mashine ya kuvaa ya ARMin ililinganishwa na tiba ya kawaida kwa watu waliokaa muda mrefu na ulemavu wa mkono. Mashine ilishinda, lakini kwa chini ya pointi 1 kwenye kipimo chenye pointi 66. Kwa upande mwingine, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 45 yenye watu 1,619, yakaona kwamba waliotumia mashine walipata nafuu zaidi katika shughuli za kila siku, katika matumizi ya mkono na katika nguvu za misuli. Waandishi wake walitahadharisha kwamba aina za mashine na viwango vya mazoezi vilitofautiana sana.

Mimi nayasoma hivi: mashine ina faida pale inapoongeza mazoezi juu ya yale unayoyapata tayari, na pale mwendo uliofanyiwa mazoezi unapohamishiwa kwenye kazi halisi siku hiyo hiyo. Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata mambo hayo mawili.

Hatua ya 1: Ujue mkono wako kabla ya kuzijua mashine

Watu wengi huanza na picha za vifaa. Anza na mkono. Kaa kwenye kiti kigumu, miguu sakafuni, na mtu wa pili awepo aandike. Jaribu kuinua mkono upande, kama mtu anayetenga nafasi ya mtoto ubavuni mwake. Je, bega linainuka lenyewe, au unalipandisha kwa kuegemeza kiwiliwili? Laza kigasha mezani, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo, kisha jaribu kunyoosha vidole. Hata kama kinachosogea ni ncha ya kidole kimoja, andika.

Mambo haya mawili, bega kwenda upande na vidole kunyooka, yana uzito mkubwa. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mgonjwa aliyeweza kuyafanya angalau kidogo ndani ya siku 2 tangu kiharusi alikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6. Aliyeshindwa yote mawili alikuwa na asilimia 25 hivi. Asilimia 25 si sifuri, na mtu asikatishwe tamaa kwa namba hiyo. Ila inaeleza kwa nini kifaa kilichomfaa jirani kinaweza kisikufae wewe.

Kisha mwombe mtaalamu wa fiziotherapia au wa tibakazi, yaani anayefundisha shughuli za kila siku, akupime rasmi. Kipimo kinachotumika sana ni Fugl-Meyer, ambacho kwa mkono huanzia 0 hadi 66. Kukakamaa kwa misuli hupimwa kwa kipimo cha Ashworth, kutoka 0, yaani hakuna ukakamavu, hadi 4, yaani kiungo hakikunjuki. Aangalie pia hisia za ngozi: ukifumba macho, unajua kidole kipi kimeguswa? Mkono usiohisi hauwezi kukuambia kwamba mkanda unabana, na jambo hilo litarudi kwenye hatua ya kuvaa.

Bega lichunguzwe peke yake. Misuli iliyolegea huuacha mfupa wa mkono uning'inie na kuteremka kutoka kwenye tundu lake, na kati ya bega na mkono huonekana kishimo. Bega la namna hiyo halivutwi, halinyanyuliwi kwa nguvu juu ya usawa wake, wala halitundikiwi mashine nzito.

Hatua ya 2: Tambua aina ya kifaa kinacholingana na hali hiyo

Ya kwanza ni fremu ngumu inayofuata mifupa ya mkono kwa nje, yenye mota kwenye bega, kiwiko na pengine kifundo. ArmeoPower, iliyotokana na ARMin, ni ya kundi hili. Ni kubwa, imesimikwa kwenye nguzo yake, na hutumika kliniki chini ya usimamizi. Inaweza kuubeba mkono usio na nguvu kabisa na kupima kila nyuzi (digrii) ya mwendo. Ndugu yake ArmeoSpring haina mota. Ina springi zinazoupunguzia mkono uzito, na kazi yote ya kusogeza ni yako. Usiidharau kwa kukosa mota. Mtu mwenye mwendo kidogo anaweza kufaidika nayo kuliko na mashine inayomfanyia kila kitu.

Ya pili ni glovu laini. Nyingine zina mirija ya silikoni juu ya vidole ambayo hujaa hewa na kuvinyoosha au kuvikunja, nyingine zina kebo nyembamba zinazovutwa na mota iliyowekwa kwenye kisanduku pembeni, kama ilivyo Gloreha ya Italia. Wepesi ndio ubora wake, kwa kuwa mkono unabaki huru kushika vitu halisi. Udhaifu wake ni nguvu: vidole vilivyokakamaa sana huishinda glovu, nayo huteleza badala ya kuvinyoosha. Angalia vilevile kama glovu unayoonyeshwa ina mota au pampu kweli. Zipo zenye vihisi tu, zinazosoma mwendo na kuuonyesha kwenye mchezo wa skrini bila kusogeza kidole hata kimoja. Ni nzuri kwa mtu anayesogeza vidole tayari, na hazimsaidii asiyeweza.

Ya tatu husoma umeme wa misuli. Elektrodi, yaani vibandiko vinavyopokea ishara za umeme, huwekwa juu ya ngozi, misuli inapojikaza hutoa ishara ndogo, na mota humalizia mwendo ulioanzishwa na wewe. MyoPro hufanya hivyo kwa kiwiko na kiganja, na Hand of Hope ya Hong Kong kwa vidole. Kwa maoni yangu hili ndilo kundi lenye mantiki bora zaidi, kwa sababu bila juhudi yako hakuna kinachosogea. Sharti lake ni moja: ishara ya misuli iwepo na uweze kuiwasha na kuizima kwa hiari. Misuli iliyokakamaa muda wote hutoa ishara muda wote, na kifaa hakitajua lini unataka kufungua.

Ya nne husoma ishara za ubongo kupitia kofia yenye elektrodi. IpsiHand, iliyoidhinishwa mwaka 2021 na FDA, mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, husikiliza upande wa ubongo ambao haukuumia, kisha hufungua mkono pale mtu anapokusudia kuusogeza. Ilikusudiwa watu wazima waliomaliza angalau miezi 6 tangu kiharusi.

Kwa ufupi wa kazi: bega na kiwiko vikiwa havisogei, fikiria fremu ya kliniki. Bega likiwa zima kiasi na vidole vikawa ndiyo tatizo, fikiria glovu. Ishara ikiwepo lakini nguvu haitoshi, fikiria kifaa cha umeme wa misuli.

Hatua ya 3: Pata ruhusa ya daktari

Hatua hii ni fupi, lakini usiiruke. Kifaa hakivaliwi kwenye mfupa uliovunjika ambao haujaunga, kwenye kidonda kilicho wazi, kwenye mkono uliovimba ghafla au wenye joto, wala kwenye kiungo kilichojikunja na kugoma kabisa kunyooka. Mwenye mifupa dhaifu sana, mwenye kifafa kisichodhibitiwa, na mwenye presha inayopanda na kushuka ovyo wanahitaji uamuzi wa daktari. Kama kifaa kinapeleka umeme kwenye misuli, aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo aseme mapema. Aliyechomwa sindano za botulinum kupunguza ukakamavu aulize lini mazoezi yaanze, maana wiki zinazofuata sindano ni wakati mzuri wa kufanya kazi.

Kuhusu muda tangu kiharusi: miezi 3 ya mwanzo ndiyo yenye nafuu ya haraka zaidi, lakini kuharakisha siku za mwanzo kabisa kuna hatari yake. Katika jaribio la VECTORS la mwaka 2009, lenye watu 52, waliofanyishwa mazoezi makali ya mkono ya saa 3 kwa siku mapema baada ya kiharusi walikuwa na maendeleo madogo siku ya 90 kuliko wenzao waliofanya kwa kiasi. Aliyepitisha mwaka au zaidi naye asiambiwe kwamba mlango umefungwa. Tafiti nyingi za roboti zimefanyika kwa watu kama yeye, na wengi wao walisogea mbele, hata kama ni kidogo.

Hatua ya 4: Jaribu kifaa ukiwa umekivaa

Usikubali kifaa kwa kuona mtu mwingine akikitumia kwenye video. Kivae kwa angalau kipindi kimoja kizima, na uyaangalie haya. Je, unaweza kukivaa kwa mkono mmoja, au msaidizi lazima awepo kila mara? Kifaa kinachohitaji watu wawili na nusu saa ya kukifunga kitaishia kabatini. Je, kiwango cha msaada kinaweza kupunguzwa kidogo kidogo, au kina kuwasha na kuzima tu? Hili kwangu ni swali la kwanza kwa umuhimu, na jibu likiwa "kuwasha na kuzima", tafuta kingine. Je, kinaweza kusimamishwa papo hapo kwa kitufe kinachofikiwa na mkono mzima, yaani usioathirika? Je, kidole gumba kinakwenda upande ili kipingane na vidole vingine, au kimefungwa tu pembeni? Mkono usio na gumba hauwezi kushika kikombe.

Uliza pia kama kuna saizi zinazolingana na mkono wako, nani atakirekebisha kikiharibika, na kama unaweza kukiazima au kukikodi kwanza. Kama kliniki inacho, kukitumia pale mara chache kwa wiki kunatosha kabisa kukuambia kama mkono wako unaitikia.

Hatua ya 5: Kuvaa

Kabla ya kuvaa, ulegeze mkono. Laza kigasha mezani juu ya taulo lililokunjwa, kiwiko mbele kidogo ya kiwiliwili, bega lisiwe limepandishwa. Vidole vikiwa vimefumbata, usivivute ncha. Kunja kifundo taratibu kuelekea kiganjani, na vidole vitalegea vyenyewe. Kisha nyoosha kuanzia gumba, ukishika karibu na kitako chake, na umalizie na vingine polepole. Ukivuta kwa haraka misuli hujibu kwa kukaza zaidi.

Vua pete, saa na bangili. Kata kucha. Kausha ngozi. Kwa kifaa cha umeme wa misuli, futa mahali pa elektrodi ili kuondoa mafuta na jasho, na ukishapata sehemu inayotoa ishara safi, iwekee alama ndogo kwa kalamu ya ngozi ili kesho usianze kutafuta upya.

Kanuni ya fremu ngumu ni bawaba kulingana na kiungo. Bawaba ya kiwiko ikae sawa na mfupa unaojitokeza ubavuni mwa kiwiko, na ya kifundo ikae sawa na mkunjo wa kifundo. Zikitofautiana hata kwa sentimeta chache, kila unapokunja mkono fremu itavuta upande wake na kiungo kitavuta upande wake, na maumivu yatatokea mahali ambapo huwezi kueleza. Bega ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa mkono unapoinuka mfupa bapa wa mgongoni nao huzunguka, na kituo cha bega huhama. Ndiyo sababu marekebisho ya bega yafanywe na mtaalamu, hata kama mengine mtayamudu nyumbani.

Funga mikanda kuanzia ile ya karibu na mwili ukielekea kwenye vidole. Kidole kimoja cha msaidizi kiweze kupita chini ya mkanda. Kwenye glovu hakikisha kila ncha imefika mwisho, maana kidole kilichoishia katikati ndicho kinachopindwa vibaya pampu ikijaa.

Mara ya kwanza vaa kwa dakika 15 tu, vua, kisha angalia ngozi yote: kitako cha gumba, mfupa wa nje wa kifundo, ndani ya kiwiko. Wekundu unaofifia muda mfupi baada ya kuvua hauna shida. Ukibaki baada ya dakika 30, au ukiona lengelenge, kifaa kisivaliwe tena hadi kirekebishwe. Kwa mwenye ngozi nyeusi sana wekundu hauonekani kirahisi, hivyo gusa utafute joto, uvimbe au ugumu, na linganisha na mkono wa pili. Mwenye mkono usiohisi aangaliwe na mtu mwingine kila siku.

Hatua ya 6: Kipindi cha mazoezi

Hapa ndipo kifaa hufaa au hupotea bure.

Panga msaada kuwa mdogo kadiri inavyowezekana. Watafiti wa roboti za tiba, David Reinkensmeyer wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, akiwa mmojawapo, wameonyesha kwamba mashine ikiendelea kusaidia kwa nguvu ile ile, mwili huanza kupunguza juhudi bila mtu mwenyewe kujua. Huo si uvivu wa mgonjwa. Ubongo wa kila mmoja wetu hubana nguvu pale panapobanika. Kigezo ninachokishauri ni hiki: kama katika majaribio 10 unafaulu yote bila kuhema, punguza msaada. Kama unashindwa zaidi ya nusu, ongeza. Ukifaulu 7 au 8 kwa jasho, hapo ndipo pa kubaki kwa siku kadhaa.

Kila jaribio lianze na wewe. Tazama mkono, kusudia mwendo, anza kuvuta, kisha mashine imalizie. Kama kifaa kina hali ya kujiendesha chenyewe, itumie dakika 2 au 3 za mwanzo kulegeza viungo, halafu izime. Baadhi ya glovu zina hali ya kioo, ambapo mkono mzima huvaa glovu ya vihisi na ule ulioathirika husogezwa na mashine uuige. Ni msaada mzuri kwa asiye na mwendo wowote, ilimradi ajaribu kusogeza mikono yote miwili kwa pamoja, asiutazame tu ule mmoja ukichezeshwa.

Lipo jambo ambalo familia nyingi hazielezwi. Baada ya kiharusi, bega na vidole mara nyingi hufungamana: mtu akijitahidi kuinua bega, kiwiko hujikunja na vidole hufumba, hata kama nia yake ni kuvifungua. Kwa hiyo mazoezi ya kufungua kiganja yaanze na mkono umelala mezani au umebebwa na fremu, uzito ukiwa umeondolewa begani. Vidole vikishaanza kutii pale mezani, punguza ubebaji kidogo: inua kigasha sentimeta chache, jaribu tena. Kasi ya kuupunguza ubebaji huo ndiyo mpango wa wiki nzima, na mtu anayerukia kufungua vidole mkono ukiwa hewani atadhani mkono wake hautaki, kumbe amepewa kazi mbili kwa mara moja.

Kuhusu wingi: mwaka 2009 watafiti wa Marekani walihesabu marudio katika vipindi vya kawaida vya tiba, wakakuta wastani wa mara 32 tu za mwendo wa mkono wenye lengo kwa kipindi. Katika tafiti za wanyama, mabadiliko ya ubongo yalionekana baada ya mamia ya marudio kwa siku. Pengo hilo ndilo hasa roboti inaloweza kuliziba. Anza na dakika 20 hadi 30, siku 3 hadi 5 kwa wiki, upumzike sekunde chache kati ya majaribio, na uongeze wingi kabla ya kuongeza nguvu. Mkifika marudio 150 au 200 yenye juhudi ya kweli kwa kipindi, mnafanya kazi nzuri. Michezo ya kwenye skrini inasaidia mtu asichoke akilini, basi itumieni, lakini tazameni mkono kuliko alama za mchezo. Mtu anaweza kushinda mchezo kwa kuyumbisha kiwiliwili.

Msaidizi atazame dalili tatu za uchovu: bega linapandishwa kuelekea sikioni, mgongo unaegemea mbele au upande, pumzi inabanwa. Ikitokea mojawapo, pumzikeni dakika 2. Ikirudi mara tatu, siku imeisha. Marudio yanayofanywa hivyo yanaufundisha mwili njia ya mkato, na njia hiyo ni ngumu kuiondoa baadaye.

Maumivu ya bega yasivumiliwe. Misuli kuuma kama ya mtu aliyefanya kazi ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo, mkono kuvimba, kubadilika rangi au kuuma hata ukiguswa kidogo, ni sababu ya kusimama na kumwona daktari. Na kama wakati wowote uso unapinda upande, maneno yanakwama, au udhaifu mpya unatokea, hilo ni la dharura: wahi hospitali saa hiyo hiyo, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa wanaostahili ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze.

Hatua ya 7: Vua kifaa, kisha utumie mkono

Mara tu baada ya kuvua, kabla mkono haujatulia, fanya kazi halisi kwa dakika 15 au zaidi. Ulikuwa unafungua vidole? Shika taulo na kuliachia. Ulikuwa unanyoosha kiwiko? Sukuma kitambaa ufute meza hadi ukingo wa mbali. Mkono usioweza kushika chochote bado unaweza kukandamiza karatasi wakati mkono mzima unaandika, au kuzuia chombo kisiteleze. Kazi ni ndogo, lakini mkono umeshiriki.

Kisha chagueni kazi mbili za kila siku ambazo kuanzia leo ni za mkono huo, hata zikichukua muda mrefu: kuwasha taa, kufungua mlango, kubeba gazeti chini ya kwapa. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza miaka mingi iliyopita namna mtu anavyojifunza kuuacha mkono kwa sababu kila akiujaribu unashindwa na ule mwingine unafaulu. Hakuna mashine inayoweza kuvunja tabia hiyo ikiwa saa zote zilizobaki za siku mkono umelala pajani. Nawaomba walezi kwa upendo: mkiwa na haraka, mwacheni afungue mlango mwenyewe.

Hatua ya 8: Pima, kisha uamue

Kila baada ya wiki 2, siku ile ile na saa ile ile, pima vitu vitatu bila kifaa. Umbali ambao ncha ya kidole inafika mezani mgongo ukiwa umegusa kiti. Upana kati ya gumba na kidole cha shahada unapofungua kiganja, kwa rula. Na kwa anayeweza kushika, idadi ya vipande vidogo vya mbao anavyovihamisha kuvuka kizuizi kwa sekunde 60, kipimo kinachofanana na kile cha kliniki kinachotumia vipande vya sentimeta 2.5. Piga video fupi ya kazi moja ile ile kila mara. Namba za ndani ya programu ya kifaa zisiwe ushahidi pekee, kwani zinapima mkono unaosaidiwa.

Baada ya wiki 8 hadi 12 rudi kwa mtaalamu arudie Fugl-Meyer. Ongezeko la pointi 5 hivi huhesabiwa na wengi kuwa badiliko ambalo mtu analihisi katika maisha yake. Likipatikana, endelea na upunguze msaada zaidi, na mkono ukianza kufanya kazi zake bila kifaa, punguza siku za kukivaa ili muda huo uende kwenye kazi zenyewe. Namba zikiwa zimesimama, badilisha kwanza kazi na kiwango cha msaada kabla ya kubadilisha kifaa. Zikikaa pale pale kwa wiki nyingine 6, kirudishe, na muda wako uuelekeze kwenye tiba nyingine.

Wapo ambao mkono hautarudi vya kutosha, lakini kifaa kama MyoPro kinapokuwa mkononi wanaweza kushikilia chupa huku mkono wa pili unafungua kifuniko. Kwao lengo linabadilika: kifaa sasa ni chombo cha kazi, kinavaliwa saa za shughuli na kuvuliwa saa za kupumzika. Ratiba ya kuvaa iongezwe polepole, kuanzia saa 1 kwa siku, ngozi ikaguliwe kila kinapovuliwa, mikanda na vitambaa vya ndani vifuliwe kila wiki, betri ichajiwe usiku, na kila miezi michache mtaalamu akague kama bawaba bado zimelingana na kiungo, maana mkono hunenepa na kupungua.